Jina Moja la Wodi Nzima

Neno la mwisho nililolisikia kutoka kwa mama yangu lilikuwa la utani. Naliandika mwanzoni kwa sababu kwa wiki tano nililitunza kama mtu anavyotunza leso ya marehemu, na wiki ya sita ndipo nikajua ndani yake mlikuwa na nini.

Mama alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wanawake waliopasuliwa, katika hospitali ileile ninayofanya kazi mimi, ila mimi niko chumba cha kufulia. Alikaa pale miaka ishirini na sita. Mwishowe mawe ya nyongo yakamwangusha, akapasuliwa, akalazwa katika wodi yake mwenyewe, kitanda namba sita, kile cha dirishani. Wauguzi wake walimcheka. Walisema hakuna ugonjwa wowote, Mkuu amekuja kuwakagua kwa hila.

Siku ya pili baada ya upasuaji nilipandisha mashuka safi, nikarudisha toroli chini, na saa tisa u nusu alasiri nikapata nafasi ya kukaa naye. Alikuwa na usingizi lakini anajitambua. Baada ya dakika kumi hivi akaja mama mdogo akisukuma ile kompyuta yao ya magurudumu, na juu yake sinia la dawa. Namwita mama mdogo ingawa hawakuzaliwa tumbo moja na mama. Walianza kazi siku moja, wakapangwa zamu moja maisha yao yote, na wodini waliitwa mapacha, mmoja mrefu na mmoja mfupi.

Mama mdogo alitazama kioo cha kompyuta, akacheka.

"Mkuu, kompyuta inasema umeshajidunga mwenyewe."

Mama hakufungua macho. "Basi na likizo ya ugonjwa mtanikata," akasema, "maana nipo kazini."

Tulicheka wote watatu. Mama alishika tumbo kwa sababu ya mshono. Mama mdogo akaingiza dawa ya maumivu kwenye mrija wa mkono, akamvutia shuka hadi kifuani, akaenda zake kitanda cha saba. Mama akalala. Nilikaa nikisoma karatasi za zamu za chumba chetu. Saa kumi na moja nilimgusa ili nimpe maji, nikaona midomo yake imegeuka rangi. Waliokuja walikuja mbio. Walihangaika naye kwa muda mrefu, na mimi nilisimama ukutani nikiwa bado nimeshika kikombe.

Tulimzika. Mama mdogo ndiye aliyenishika mkono makaburini, upande wa kulia, tangu mwanzo hadi mwisho.

Wiki ya sita mimi na kaka yangu tuliitwa kwa katibu wa hospitali. Kaka ni fundi rangi, alikuja na nguo za kazi, akakaa ukingoni mwa kiti asikichafue. Katibu alitupa pole, kisha akasukuma mezani karatasi mbili zilizobanwa pamoja. Alisema kila kifo cha mtumishi akiwa amelazwa hapo lazima kichunguzwe na kamati, na kamati imemaliza. Kaka alinisogezea. Kusoma ni kwangu, yeye ni hesabu.

Nilisoma ukurasa wa kwanza bila tabu. Wa pili ulikuwa na maneno haya, nami nayajua kwa moyo: "Kabati la dawa kali lilifunguliwa saa tisa na dakika kumi na mbili, na tena saa tisa na dakika thelathini na nane. Mara zote mbili lilifunguliwa na marehemu. Vichupa viwili vilitolewa. Dozi moja ilirekodiwa kuwa imetolewa, na aliyeirekodi ni marehemu. Kamati inaona kwamba marehemu, akiwa muuguzi mzoefu na akiwa na uwezo wa kutembea, alijiongezea dozi kwa hiari yake mwenyewe."

Nilirudia mstari kwa kidole. Masikio yalikuwa yamejaa kelele kama ya mashine yetu kubwa inapokamua. Kaka aliniuliza imesema nini. Nikamwambia. Akaniomba nirudie, nikarudia, akasimama, akakaa tena.

Nilimwambia katibu kwamba nilikuwepo. Nilimwona muuguzi akimdunga kwa mkono wake, na mama hakunyanyuka. Katibu akaniuliza, kwa upole, saa tisa na dakika kumi na mbili nilikuwa wapi. Nilikuwa chini, narudisha toroli. Akaniachia nijijibu mwenyewe. Kaka akauliza ni wauguzi gani waliohojiwa. Katibu akasema hakuna haja iliyoonekana, maana kwenye kumbukumbu za kompyuta jina linalotokea ni moja tu, na mwenye jina hilo ni marehemu.

Tulipotoka kaka alisema mkono wa marehemu haukamatwi, tuache. Lakini alisema hivyo akiwa amefumba ngumi. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikutaka aniulize: je, mama alikuwa amesema lolote? Nikakumbuka kwamba asubuhi ile, nilipomwosha uso, alisema amechoka. Watu wote husema wamechoka. Mimi mwenyewe husema mara tatu kabla ya chai. Lakini usingizi ulinipaa kwa neno hilo. Nililitaka jambo moja tu, kujua kama mama yangu aliinuka kitandani saa tisa na dakika kumi na mbili.

Kesho yake mchana nilikwenda kwa fundi wa kompyuta. Ana chumba chembamba nyuma ya masjala, chenye dirisha dogo la kupokelea watu, na hospitali nzima inamwita Bwana Umesahau, kwa sababu hiyo ndiyo salamu yake. Ukitokea tu dirishani: "Umesahau tena?" Aliponiona mimi hakusema hivyo. Alinifungulia mlango.

Nilimwuliza kompyuta inajuaje kwamba ni mama aliyefungua kabati. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Zamani kila kitu kilikuwa na nenosiri lake, mafaili ya wagonjwa lake, maabara lake, stoo lake, ratiba ya zamu lake. Wauguzi walikuwa na maneno saba kichwani, wakiyaandika kwenye viganja na nyuma ya vitambulisho. Mwaka jana yakaunganishwa yote. Mtu anaingia mara moja tu kwa jina lake na neno moja la siri, na milango yote inamfungukia, hata kabati la dawa kali. Ukikosea mara tatu unafungiwa, na kufunguliwa ni mpaka uje dirishani kwake mwenyewe na kitambulisho.

"Na foleni yako ni nusu siku," nikasema.

"Niko peke yangu," akasema.

Hilo nililijua. Mama alilisema sana nyumbani. Wiki ya kwanza ya mpango ule mpya, wauguzi wake karibu wote walijifungia nje kwa kukosea. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa ameenda kwenye mafunzo. Wagonjwa wakawa wanalia maumivu na kabati halifunguki. Ndipo akawaambia waingie kwa jina lake, maana mgonjwa hajui foleni. Ilikuwa iwe kwa siku mbili. Alitusimulia akipakua chakula, akacheka, akasema wako saba, kwa hiyo sasa ana mikono kumi na minne. Mimi nilicheka naye na sikuwaza zaidi.

Nilimwambia fundi hayo. Akageukia kioo chake, akaandika jina la mama na tarehe ya siku ile. Ikatokea orodha. Aliisoma kimyakimya huku midomo ikicheza. Mama aliingia saa moja asubuhi kwenye kompyuta ya mlangoni. Aliingia kwenye ile ya magurudumu. Aliingia kwenye chumba cha dawa, na kwenye meza ya mapokezi. Sehemu nne, zote kwa wakati mmoja, na mwenyewe yuko kitanda namba sita na mrija mkononi.

"Huyu si mtu," fundi akasema. "Hii ni wodi nzima."

Sijui kwa nini niliuliza swali lililofuata. Nilimwuliza: na jana?

Akabadilisha tarehe. Orodha ikajaa tena, ndefu kuliko ya kwanza. Fundi aliondoa mkono kwenye kibodi kana kwamba imemchoma. Jana mama yangu alikuwa ametoa dawa mara themanini na tatu. Alikuwa ameagiza pamba. Alikuwa amemruhusu mgonjwa mmoja kwenda nyumbani.

Nitasema ukweli, kwa kuwa naandika ili nisisahau. Kwa muda wa pumzi moja nilifurahi. Kichwa kilinidanganya kwamba yuko juu, ghorofa ya pili, anazunguka na sinia lake, na sisi ndio tuliokosea. Kisha pumzi ikaisha.

Fundi alikuwa anajitetea, kwamba yeye hafungi jina mpaka ofisi ya watumishi imletee fomu ya kifo, na fomu haijaja. Nilimwomba aichapishe orodha ya siku ile. Nikaikunja, nikapanda wodini.

Sikuwa na mpango. Kwenye meza ya wauguzi alikuwepo kijana mmoja wa kike anayeitwa Mgeni, ambaye yuko pale mwaka wa pili na jina halijamtoka. Alikuwa akijaza glavu kwenye boksi. Mama mdogo alikuwa pembeni, ananipa mgongo, anapima dawa kwenye kikombe. Nikamwonyesha Mgeni karatasi. Nikamwuliza kama anajua ni nani aliyefungua kabati saa tisa na dakika kumi na mbili siku ile mama alipofariki. Nilimwuliza kwa sauti ya kawaida, kama ninavyouliza mashuka machafu yako wapi.

"Ni mimi," akasema palepale. "Dozi ya Mkuu ya saa tisa niliitoa mimi. Nikaweka tiki, nikatoka zamu."

Hakuona lolote la ajabu katika alichosema. Alikuwa amefanya kazi yake, kwa saa yake. Mama hakuinuka. Hakuinuka, alikuwa amelala, alidungwa na msichana wa zamu kama mgonjwa yeyote. Nilishika meza, nikataka kucheka.

Ndipo niliposikia kikombe cha dawa kikianguka.

Mama mdogo alikuwa amegeuka. Dawa ilikuwa imemmwagikia viatu na hakuiangalia. Alimwuliza Mgeni, polepole, kama aliweka tiki kabla au baada. Mgeni akasema baada, yeye siku zote huweka baada, kama Mkuu alivyomfundisha. Mama mdogo akaketi kwenye kiti cha wageni. Akaniangalia mimi.

"Nilidhani tiki ni yangu," akasema.

Sikuelewa mara moja. Alinieleza akiwa amekaa hivyohivyo, mikono magotini, na wagonjwa wawili wa karibu wakisikia. Yeye kwa haraka ya kazi alikuwa na tabia ya kuweka tiki za vitanda vyote kwanza, kisha ndiyo azunguke akitoa dawa. Wakati wa makaratasi hakukosea hata mara moja, kwa sababu kila muuguzi ana mwandiko wake. Ukiona herufi iliyolala unajua ni ya fulani, ukiona wino mwekundu unajua ni Mkuu. Kwenye kompyuta, kwa jina moja, wote walikuwa na mwandiko mmoja. Siku ile aliona tiki kitanda cha sita, na jina la mama pembeni yake, kama lilivyokuwa pembeni ya kila tiki kwa karibu miezi kumi. Akajua ni yake aliyoiweka mapema. Kilichobaki ni kutoa dawa.

Akaitoa. Na kabla ya kuitoa, alitania.

Hapo ndipo nilipolisikia upya. Mkuu, kompyuta inasema umeshajidunga mwenyewe. Nililisikia kwa sauti yake, na kicheko cha mama, na changu mimi. Ilikuwa imetuambia. Ile kompyuta ilituambia wazi kwamba huyu mtu ameshapewa, na tulikuwa watatu pale, na mmoja wetu ndiye aliyewafundisha wengine kusoma chati, nasi tukacheka kwa sababu lilikuwa jina lake.

Niliondoka bila kuaga. Nilikaa chumba cha kufulia kati ya magunia mpaka mwisho wa zamu. Mkubwa wangu wa kazi alinipita mara mbili, mara ya pili akanitupia koti begani.

Jioni nilimweleza kaka. Alipiga ukuta. Alisema huyo mama kala kwetu, kalala kwetu, katushika mikono kaburini. Kisha akatulia, akasema jambo ambalo limenikaa: kwamba kama tukinyamaza, mama anabaki amejiua kwenye karatasi, na kama tukisema, tunampoteza na huyu. Hakuniambia nichague lipi. Mimi nilikuwa nimeshajua kwamba si langu kuchagua. Sikwenda kwa katibu.

Asubuhi, kabla mashine hazijapata moto, mama mdogo alisimama mlangoni kwetu. Alikuwa amevaa sare, amepiga pasi, kofia kichwani. Macho yalikuwa yamevimba. Hakunisalimia.

"Twende kwa Bwana Umesahau," akasema. "Peke yangu sitafika."

Tulikuwa wa kwanza dirishani. Fundi aliinua kichwa. "Umesa..." akaanza, kisha akamwona vizuri, akafungua mlango. Mama mdogo akamwambia anataka kuandika taarifa ya kosa la dawa, na anataka iandikwe kwa jina lake. Fundi akalitafuta jina. Lilikuwepo, limefungwa. Alikuwa amelijaribu siku moja tu, mwaka jana, akakosea mara tatu, na tangu hapo hajaingia humo hata mara moja. Miezi kumi na moja ya kazi ya yule mama, mchana na usiku, hakuna hata tiki moja iliyokuwa yake.

Fundi alilifungua. Akamwambia achague nenosiri, herufi nane au zaidi, asimwambie mtu. Akageuka, akatazama ukuta. Mimi pia niligeuka. Tulisikia vidole vyake, kimoja kimoja, kwa kusitasita, kisha mara ya pili kwa kuthibitisha. Likakubali.

Aliandika kwa karibu nusu saa. Alipomaliza alinisogezea kioo nisome. Alikuwa ameandika saa, kitanda, jina la dawa, na kwamba kichupa cha pili kilichukuliwa naye na kutolewa naye, kwa kuidhania tiki ya mwenzake kuwa yake. Alimtaja Mgeni kwa kusema tu kwamba dozi ya kwanza ilitolewa sawasawa. Mstari wa mwisho ulisema: "Marehemu hakunyanyuka kitandani." Chini yake, kwa mara ya kwanza, jina lake mwenyewe.

Nilimshika bega, nikaliachia, nikalishika tena.

Fundi akasema sasa hana budi kulifunga jina la mama, fomu au bila fomu. Aliniuliza kama nataka kutoka nje. Nikasema hapana. Kompyuta ikamwuliza kama ana hakika, akabonyeza.

Hakutuambia kitakachotokea, nadhani naye hakuwaza. Simu yake ililia kabla hajaondoa mkono. Ikalia tena. Juu, kompyuta ya mlangoni, ya magurudumu, ya chumba cha dawa na ya mapokezi zilikuwa zimezimika kwa pamoja. Kabati lilikuwa limejifunga. Nusu saa baadaye wauguzi wa wodi ya mama walikuwa wamepanga foleni dirishani, kitambulisho mkononi, kila mmoja akija kuomba jina lake. Hakuna aliyetania.

Mama mdogo alisimamishwa kazi siku hiyohiyo, na bado hajaitwa. Taarifa ya kamati imeandikwa upya. Inasema mama hakujidhuru. Inasema pia kwamba alitoa nenosiri lake kwa watumishi wengine kinyume cha kanuni, na kwamba hilo lilichangia kifo chake. Kaka alitaka tulikatie rufaa hilo la pili. Nilimwambia tuliache, kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa lile la kwanza pia ni kweli, na yote mawili ndiye yeye.

Mchana ule wa foleni nilipandisha mashuka kama kawaida. Wodini alibaki Mgeni peke yake, jina lake lilikuwa la kwanza kufunguliwa kwenye foleni. Kwa wagonjwa wasioweza kusubiri, alikuwa ametoa makaratasi ya zamani kwenye droo na kuyaning'iniza miguuni pa vitanda. Nilibadilisha shuka la kitanda namba sita. Karatasi yake ilikuwa na mistari mitatu tayari, ya wauguzi watatu waliopita kutoka kwenye foleni, mmoja herufi zimelala, mmoja zimesimama, mmoja kabonyeza kalamu mpaka karatasi imetoboka. Nilisimama pale na shuka chafu mkononi nikaisoma yote.